Je, Michezo ya Mtandaoni Ifunguliwe kwa Wote Waijaribu Kabla ya Kuzinduliwa?



Ndugu wasomaji, wazazi kwa wanafunzi, suala tunaloliandikia leo limeletwa na vijana wetu wa darasa la jioni. Wanauliza: kampuni inapotengeneza mchezo wa kuchezwa mtandaoni, je, iufungue kwanza kwa watu wote waujaribu bure, au iujaribu yenyewe ndani ya ofisi zake na siku ikifika iuze?

Huenda mzazi akashangaa, mwalimu wa madrasa na magemu ni wapi na wapi? Lakini tukilitazama vizuri, hili ni suala la muuzaji na mnunuzi, la bidhaa na kasoro yake, na la wakati wa watoto wetu. Kama mtoto acheze au asicheze, na kwa muda gani, hilo lina mlango wake na si la leo. Leo tunazungumzia wajibu wa muuzaji.

Rai yetu tunaitaja mapema: ndiyo, mchezo wa mtandaoni ufunguliwe kwa wote kabla ya kuzinduliwa. Lakini jaribio hilo liwe na masharti, kwani bila masharti linageuka kuwa tangazo la biashara, na watoto wetu wanageuka kuwa vibarua wasiolipwa.

NINI HASA KINACHOJARIBIWA?

Watengenezaji wa programu huita toleo ambalo bado halijakamilika, lakini limeshafika pa kujaribiwa na watu wa nje, kwa jina la beta. Kuna beta ya mlango uliofungwa, anayeingia ni aliyealikwa tu. Na kuna beta ya wazi, anayetaka anaingia.

Tofauti ya mbili hizi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mchezo wa kuchezwa peke yako, watu mia wanaweza kuuchunguza wakaona kasoro zake nyingi. Mchezo wa mtandaoni una kasoro ambazo hazionekani mpaka watu wawe wengi kwa pamoja: seva inayopokea majina na maneno ya siri ya wanaoingia, hifadhi inayotunza maendeleo ya kila mchezaji, na mtambo unaowakutanisha wapinzani. Mpishi akionja pilau jikoni atajua chumvi imekolea. Hawezi kujua kwa kuonja kwamba sahani zitatosha wageni elfu moja.

Mfano ni mchezo wa kujenga miji uitwao SimCity, wa kampuni ya Electronic Arts. Toleo la mwaka 2013 lilitengenezwa kwa namna ambayo mchezaji ni lazima aunganishwe na seva za kampuni wakati wote, hata akitaka kujenga mji wake peke yake. Kabla ya uzinduzi kulikuwa na jaribio la walioalikwa, na kila kipindi cha kucheza kilikuwa na kikomo cha saa 1 tu. Ulipozinduliwa Machi 2013 seva zilizidiwa siku ya kwanza. Watu waliokwishalipa walikaa kwenye foleni, wengine wakapoteza miji waliyoijenga. Kampuni ikaongeza seva, ikazima baadhi ya sehemu za mchezo ili kupunguza mzigo, na ikawapa wanunuzi mchezo mwingine bure kama fidia. Ruhusa ya kucheza bila mtandao ilikuja Machi 2014, mwaka mzima baadaye. Kwa maneno mengine, jaribio la umati lilifanyika, ila lilifanyika baada ya pesa kuchukuliwa.

NAFAKA ILIYOLOWA

Wanafunzi wetu wanaosoma mlango wa biashara wanakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua imeinyeshea. Akaelekezwa kwamba iliyolowa ingewekwa juu, watu wakaiona.

Tuzingatie kisa hiki. Mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa sababu ya mvua. Hakukatazwa pia kuuza. Lawama ilikuwa kwenye mpangilio wa lundo: kavu juu, bichi chini. Na ndiyo maana mafakihi wakampa mnunuzi khiyari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha bidhaa anapogundua ila iliyokuwapo kabla ya kununua.

Mchezo wa kompyuta nao haukosi kasoro, na hakuna mwenye akili anayedai ukamilifu. Tunachodai ni kwamba iliyolowa iwekwe juu. Matangazo ya video yaliyopambwa ni ile nafaka kavu ya juu ya lundo. Jaribio la wazi ndilo linalomwezesha mnunuzi kutia mkono mpaka chini kabla ya kutoa pesa yake.

Atasema msomaji, mbona siku hizi pesa hurudishwa? Ni kweli, duka la Steam tangu mwaka 2015 linamrudishia pesa anayeomba ndani ya siku 14 iwapo amecheza chini ya saa 2. Utaratibu huo ni mzuri na tunausifu. Lakini kwetu sisi gharama haiko kwenye bei ya mchezo peke yake. Bando, au mega kama wanavyosema ndugu zetu wengi, likishaisha kwa kupakua gigabaiti kadhaa halirudishwi na duka lolote. Na mchezo unaoitwa wa bure nao haupakuliwi bure.

JARIBIO LISILO NA MASIKIO

Wapo watakaosema kwamba majaribio ya wazi yameshafanyika mara nyingi na michezo mibovu bado imetoka. Hoja hii ina uzito, na hatutaikwepa.

Kampuni ya Square Enix ya Japani ilifungua jaribio la wazi la Final Fantasy XIV mwanzoni mwa Septemba 2010. Tarehe 30 ya mwezi huohuo mchezo ukazinduliwa. Walioujaribu walilalamika kwamba ni mzito, menyu zake zinachosha na mambo ya kufanya ndani yake ni machache. Wiki zile chache zingetosha kurekebisha nini? Mchezo ulipokelewa vibaya, kampuni ikaomba radhi, ikaacha kwa muda kutoza ada ya kila mwezi, na Desemba 2010 ikabadilisha uongozi wa kazi ile na kumkabidhi Naoki Yoshida. Novemba 2012 seva za mchezo wa kwanza zikazimwa kabisa. Ukajengwa upya, ukajaribiwa kwa awamu mbalimbali, ukafunguliwa tena Agosti 2013, na ukadumu kwa miaka mingi baadaye.

Mchezo wa pili ni ule ambao vijana wa vibanda vyetu vya PlayStation waliujua kwa jina la PES. Mwaka 2021 kampuni ya Konami iliamua kuubadilisha na kuuita eFootball. Juni ya mwaka huo ilitoa jaribio la wazi kwa wenye PlayStation na Xbox, lakini shabaha yake ilikuwa kupima mtandao na kukutanisha wachezaji. Tarehe 30 Septemba 2021 mchezo ukatoka ukiwa na nyuso za wachezaji zilizopotoka na mwendo wa ajabu uwanjani, ukashika nafasi ya mchezo uliolaumiwa kuliko yote kwa maoni ya watumiaji wa Steam wakati ule. Siku iliyofuata kampuni ikaomba radhi. Toleo lililohesabiwa kuwa la kwanza kamili lilitoka Aprili 2022, zaidi ya miezi 6 baadaye.

Visa hivi viwili havibatilishi hoja yetu, bali vinaitimiza. Katika kisa cha kwanza watu waliulizwa zikiwa zimebaki wiki chache tu. Katika cha pili kilichopimwa ni njia, na kilichoharibika ni gari. Kumwita shahidi kisha usimsikilize, au ukamuuliza jambo jingine, hakuufanyi ushahidi kuwa hauna maana.

Na faida nyingine ipo. Mwaka 2024 kampuni ya Sony ilifanya jaribio la wazi la mchezo wa Concord mwezi Julai, waliojitokeza wakawa wachache mno. Mchezo ukazinduliwa hivyohivyo tarehe 23 Agosti kwa dola 40, na tarehe 6 Septemba ukafungwa na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Jaribio lilikwishatoa jibu mwezi mmoja kabla. Lililokosekana ni wa kulikubali.

UPANDE WA KAMPUNI

Tuwe waadilifu, kampuni nazo zina hoja. Jaribio la wazi lina gharama: seva zinakodiwa na watu wanalipwa kupokea malalamiko. Washindani wanaona siri mapema. Wadanganyifu wanapata muda wa kutengeneza programu zao za kuiba ushindi. Na mtu akiuona mchezo ungali na kasoro huenda asirudi tena.

Hoja tatu za mwanzo tunazikubali kuwa ni gharama za biashara, kama mwenye duka anavyolipia mizani iliyo sawa. Hoja ya nne hatuikubali. Kusema kwamba mnunuzi akiona hali halisi hatanunua, kwa hiyo asioneshwe, ni kulirudia lundo lilelile la nafaka.

Wengine hujibu kwamba jaribio la mlango uliofungwa linatosha. Kwa wenzetu wa nchi zilizo karibu na seva huenda likakaribia kutosha. Kampuni za michezo ya simu zina desturi ya kujaribu kwanza katika nchi chache, mara nyingi Kanada, Australia au Ufilipino. Nani kati yao anaijaribu kwa Tecno au itel ya bei nafuu, kwa mtandao wa Bujumbura, Goma au Mbale, umeme ukiwa umekatika na mtu anatumia chaji ya mwisho? Mlango ukifungwa, mtu wa kwanza kuujaribu mchezo katika hali yetu ni mtoto wetu, kwa bando alilonunuliwa na baba yake.

MASHARTI YETU

Tumesema ndiyo kwa masharti. Nayo ni haya:

1. Duka lifungwe wakati wa jaribio. Kitu hakiwezi kuwa hakijakamilika kwenye malalamiko, kikawa kimekamilika kwenye malipo. Fortnite ilibaki na jina la mchezo ambao bado haujakamilika tangu mwaka 2017 mpaka Juni 2020, na muda wote huo ikiuza mavazi na mapambo ya ndani ya mchezo.

2. Jaribio liwe na tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Barua pepe ya Gmail ilibeba neno beta kwa zaidi ya miaka 5, kuanzia Aprili 2004 hadi Julai 2009. Neno likidumu hivyo huwa limeacha kumwambia mtumiaji chochote.

3. Kati ya jaribio na uzinduzi kuwe na miezi ya kurekebisha, na tarehe ya uzinduzi iweze kusogezwa.

4. Kampuni itangaze kasoro gani zilionekana, zipi zimerekebishwa na zipi zimebaki. Hapa ndipo iliyolowa inapowekwa juu.

5. Taarifa za watoto zilindwe. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 katika mashauri ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, milioni 275 zikihusu faragha ya watoto na milioni 245 zikihusu watu kuingizwa katika manunuzi wasiyoyakusudia. Kama hayo yanatokea kwa mchezo mkubwa unaotazamwa na dunia, tahadhari kwenye jaribio iwe zaidi.

NENO KWA FAMILIA

Wazazi wetu, mtoto akikuambia anataka kupakua beta, usimfukuze wala usikubali kwa kumridhisha. Muulize mambo manne: ni bure kweli, inaisha lini, inachukua gigabaiti ngapi, na inataka taarifa gani kumhusu. Asipojua, mkae pamoja mtafute majibu. Neno beta lisiwe sababu ya kulegeza umri uliowekwa kwa mchezo huo.

Nanyi wanafunzi, mkishiriki jaribio basi shirikini kama mashahidi. Andikeni kasoro mliyoiona, kwenye simu gani, saa ngapi, kwa mtandao upi. Malalamiko ya namna hiyo mtengenezaji anaweza kuyafanyia kazi, matusi hayawezi. Msiseme uongo kumkomoa mtu, wala msisifu kibovu kwa kuwa mmepewa zawadi ya ndani ya mchezo. Na mkumbuke kwamba wakati mnaoutoa ni mali yenu, mtaulizwa juu yake. Adhana ikiingia au mtihani ukikaribia, kampuni yenye mabilioni haitakufa kwa kumkosa shahidi mmoja.

Kwa kumalizia, kuuza ni halali na kucheza kuna mipaka yake. Sisi tunaomba jambo dogo ambalo kila mwenye genge la nyanya analielewa: mteja aruhusiwe kugeuza tunda upande wa pili kabla hajalipa, na akionesha palipooza, muuzaji asikilize.

Wabillaahi tawfiiq.