Msiwapime kwa kesi walizoshinda

Waraka wa wazi kwa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dodoma

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Kila ifikapo Mei Mosi, ofisi za umma hutangaza mfanyakazi hodari. Hupanda jukwaani, akapewa cheti na bahasha, vigelegele vikapigwa, na siku ya pili yake akarudi mezani kwake. Mawakili wa Serikali nao wamo katika utaratibu huo, pamoja na dereva na mtunza kumbukumbu, na sioni ubaya wowote. Ila kazi yao ina shida yake: wakili akiifanya vizuri sana, mara nyingi hakuna kinachoonekana. Kesi haifunguliwi. Mkataba mbovu hausainiwi. Mtu asiye na kosa halali mahabusu. Sasa nani atapiga vigelegele kwa jambo ambalo halikutokea?

Ninaomba ofisi yako ishirikiane na Chama cha Mawakili wa Serikali, kile kilichozinduliwa hapo Dodoma mwezi Septemba 2022, kuanzisha tuzo ya kitaifa ya wanasheria wa utumishi wa umma: wa wizara, wa mashirika, wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, wa halmashauri. Na kabla hata ya kumtafuta fundi wa kuchonga ngao, ninaomba mkubaliane jambo moja, kwamba idadi ya kesi walizoshinda na walizoshindwa haitakuwa kipimo.

Chukua shauri la Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, vinapingana na Katiba. Ofisi yako ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mawakili waliosimama upande wa Serikali walitimiza wajibu wao, maana mteja akitaka rufaa, wakili huandaa rufaa. Lakini ukiliweka shauri hilo katika jedwali la ushindi na hasara, litaandikwa hasara. Hasara ya nani? Wasichana wa nchi hii ni sehemu ya umma ambao mawakili hao wameajiriwa kuutumikia. Jedwali lisiloweza kuona hilo halifai kumchagulia mtu tuzo.

Upo pia ushindi wa namna nyingine, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwananchi ana mgogoro na halmashauri kuhusu kiwanja chake. Tangu Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, halmashauri nayo inahesabiwa kuwa Serikali. Maana yake ni kwamba mwananchi huyo lazima atoe notisi ya siku 90, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu katika shauri, na shauri lenyewe alipeleke Mahakama Kuu. Akikosea hatua moja, wakili wa Serikali anainuka na pingamizi la awali. Shauri linaondolewa. Hakuna shahidi aliyesikilizwa, hakuna ramani iliyofunguliwa, na hakuna mtu aliyeuliza kiwanja ni cha nani. Kwenye taarifa ya robo mwaka itaandikwa kwamba Serikali imeshinda.

Sisemi pingamizi ni dhambi. Sheria ipo, na wakili anayeiacha silaha yake ikapata kutu ataulizwa na mwajiri wake. Lakini Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na sioni kwa nini roho ya ibara hiyo iishie kwenye meza ya hakimu isivuke kufika kwenye meza ya wakili. Zile siku 90 ziliwekwa ili Serikali ipate muda wa kulitazama dai, na ikiwa kuna kosa, ilirekebishe mapema. Basi nitajieni mwanasheria wa halmashauri aliyeipokea notisi, akaenda mwenyewe kwenye eneo, akafukua majalada ya ardhi, akarudi kwa Mkurugenzi wake na kumwambia, tena kwa maandishi: "Huyu mwananchi anadai haki yake, tumlipe." Inahitaji ujasiri kumwambia hivyo bosi anayekuandikia tathmini ya utendaji. Huyo ndiye ningependa kumwona jukwaani.

Upande wa mashtaka mambo ni mazito zaidi, kwa sababu huko kuna watu wanalala ndani. Kauli ya "upelelezi bado haujakamilika" tumeizoea mahakamani kiasi kwamba ndugu wa mshtakiwa huanza kuinuka kwenye benchi kabla haijamalizwa kutamkwa. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Idadi ya waliofungwa haimo. Kwa hiyo wakili wa mashtaka anayelirudisha jalada polisi kwa sababu ushahidi haujitoshelezi, au anayeshauri shauri liondolewe kabla mtu hajasota rumande miaka, anaitii Katiba neno kwa neno. Lakini mfumo wowote wa zawadi unaohesabu hukumu za kutiwa hatiani utamfanya aonekane mvivu, na kijana aliyeajiriwa jana atajifunza haraka ni tabia ipi inalipa.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa wakili wa Serikali, chema chake kimefungiwa kabatini. Anaandika dokezo, dokezo linapanda kwa mwandamizi wake, linapanda tena, na mwisho wa safari uamuzi unatangazwa na waziri. Dokezo likifuatwa, hatutalijua. Likipuuzwa, tutakuja kuijua bei yake tu. Julai 2023 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamuru Tanzania iilipe kampuni ya Indiana Resources na wenzake zaidi ya dola milioni 109 kwa sababu ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Kabla ya hapo, mwaka 2023 huohuo, kampuni ya Winshear ilikubali kumaliza shauri lake kwa dola milioni 30. Mashauri yote mawili yalitokana na kufutwa kwa leseni za kuhodhi maeneo ya madini, baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliyopelekwa bungeni kwa hati ya dharura. Mtu anaweza kuyaunga mkono mabadiliko yale, na mimi ninaelewa hasira ya rasilimali iliyoyazaa. Lakini kazi ya mwanasheria katika siku za dharura kama zile ni kukaa na mikataba ya kulinda wawekezaji ambayo nchi ilikwisha kuisaini, na kuandika waziwazi kwamba njia hii ina gharama hii. Dokezo la namna hiyo linastahili tuzo hata kama halikusikilizwa. Pengine hilo ndilo linalostahili zaidi.

Tusisahau na siku za neema. Mwaka 2005 Serikali ilivunja mkataba wa maji wa Dar es Salaam na kampuni ya City Water, na Biwater Gauff, mwenye hisa wa City Water, ikaishtaki Tanzania mbele ya kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Hukumu ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji, ila haikuamuru kampuni ilipwe hata senti moja ya fidia, kwa sababu ukiukaji huo haukuwa chanzo cha hasara ya kampuni. Je, hiyo ni kushinda au kushindwa? Anayejua kazi hii atakwambia jibu linahitaji kurasa kadhaa, na kurasa hizo ndizo ninazotaka ziandikwe kila tuzo inapotolewa: sababu ndefu zinazosomeka, zichapwe pamoja na jina.

Mheshimiwa, kiti chako kilikaliwa na Mark Bomani kuanzia mwaka 1965 hadi 1976, Mtanzania wa kwanza kukishika. Baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu Nyerere na kisha Mandela katika mazungumzo ya amani ya Burundi, akaongoza kamati iliyochunguza sekta ya madini mwaka 2007. Wakuu, basi, tunawakumbuka. Wasiokumbukwa ni waandishi wa sheria walioketi chini yake, na hawa wa leo. Tangu mwaka 2021 sheria inataka sheria zetu ziwe kwa Kiswahili, na kuna watu wanaohangaika na vifungu vilivyotungwa kwa Kiingereza cha kikoloni, ili mama lishe wa Manzese aweze kusoma sheria inayomtoza faini. Wapeni tuzo hao bila kusubiri kamati yoyote. (Na mkiwa hapo, wapeni pia kompyuta nzuri.)

Kuhusu utaratibu nina maneno machache. Mcheza kwao hutunzwa, lakini akitunzwa na baba yake tu, majirani hucheka. Kwa hiyo waamuzi wasiwe wa ofisi yako peke yake: awemo jaji mstaafu, awemo wakili wa kujitegemea kutoka Chama cha Mawakili Tanganyika ambaye amewahi kupambana nanyi mahakamani, awemo mtu wa mashirika ya msaada wa kisheria. Mpinzani ndiye anayejua nani alimpa nyaraka kwa wakati na nani alizificha. Marekani, chama cha mawakili cha nchi hiyo kina Tuzo ya Hodson ambayo hupewa ofisi nzima ya sheria ya umma, na ningependa kitengo cha sheria cha halmashauri ya pembezoni, chenye watu wawili na meza moja, kiweze kushinda kwa namna hiyo.

Najua mtaniambia ushauri wa kisheria ni siri. Ni kweli, na ubaki siri. Lakini waamuzi wanaweza kula kiapo, wakasoma jalada, kisha wakaeleza ubora wa ushauri bila kumtaja mteja. Pale isipowezekana kabisa, subirini miaka. Wakili aliyestaafu hatakasirika tuzo ikimkuta nyumbani kwake Singida.

Siku ya Sheria huadhimishwa kila mwanzo wa Februari, mahakama zinapoanza mwaka wao. Majaji watakuwepo, mawakili watakuwepo na majoho yao, na Rais huwa mgeni rasmi. Ninaomba katika maadhimisho yajayo vitangazwe walau vigezo vya tuzo hiyo, nasi wananchi tupewe miezi mitatu ya kuvitolea maoni kabla jina lolote halijapendekezwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa hukumu, Morogoro

Nakala: Wakili Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Mashtaka, Chama cha Mawakili wa Serikali, Chama cha Mawakili Tanganyika