Jeni za kuvu na mahindi ya Ukambani
Siwaungi mkono wanaosema kwamba kutafuta jeni ya kila kimeng'enya ni kazi ya maabara isiyomfikia mkulima. Mwaka 2004 sumukuvu iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Kuvu huiunda sumu hiyo hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimojawapo kilichujwa kwanza maabarani, kisha mwaka 1993 kingamwili zinazokitambua zikatumiwa kuinasa jeni yake. Leo inajulikana kwamba jeni hizo, zipatazo 30, zimejipanga pamoja, hivyo kuvu iliyozikosa, au ambayo zake zimeharibika, inaweza kupimwa na kuteuliwa. Msingi wa Aflasafe KE01, kinga ya shambani dhidi ya sumukuvu, ni huo: punje za mtama zilizobeba kuvu za papa hapa Kenya zisizotoa sumu, zinazorushwa shambani kabla mahindi hayajatoa mbelewele ili kuvu hizo ziwahi nafasi ya zile zenye sumu.

Watu watasema kukausha kunatosha. Kukausha ni lazima, lakini ukame huifungulia kuvu mlango mahindi yakiwa bado shambani, kabla turubai halijatandikwa. Wanaohofia kwamba kuvu za Aflasafe zitarudia kutoa sumu wana haki ya kuuliza. Ila kuvu iliyopoteza kipande kikubwa cha jeni hizo haiziundi upya yenyewe, ndiyo sababu ni lazima tujue hasa ni jeni ipi iliyokatika.