Maumivu Kuisha Si Mfupa Kuunga



Dada yangu mkubwa alipasuliwa mgongo, pingili mbili za kiunoni zikaunganishwa kwa skrubu na vipande vya mfupa. Kufikia mwezi wa tatu maumivu yalikuwa yamekwisha. Siku ya harusi ya nyumbani akaketi juu ya mbuzi kukuna nazi, kisha akashika upande mmoja wa sufuria ya pilau. Nilipita uani nikamwona, nikasema, "Alhamdulillahi, dada, umepona." Sikumzuia. Baada ya wiki chache maumivu yalirudi, na picha ya eksirei ikaonyesha kuwa mfupa haukuunga na skrubu moja imelegea. Akapasuliwa mara ya pili. Neno langu lile lingali linanichoma.

Ifahamike kwamba skrubu haziponyeshi mgongo. Kazi yake ni kuzishika pingili zisitikisike, mpaka mfupa mpya uote kati yake na kuzifanya kitu kimoja. Jambo hilo kwa kawaida huchukua miezi 6 hadi 12, na pengine zaidi. Kidonda cha nje huweza kufunga na maumivu yakatulia, ilhali ndani mfupa ungali mchanga. Anayejua kama umeunga ni daktari aliyeitazama picha, si sisi tuliomwona mgonjwa akicheka.

Kwa hivyo miezi hiyo ni amana ya nyumba nzima. Mgonjwa asiiname, asijipinde wala asinyanyue kizito mpaka aruhusiwe. Ndoo ya maji, mtoto wa kubebwa, nguo za kufua na nazi ya kukuna vitafutiwe mikono mingine. Na mikono ya waume na wavulana nayo ni mikono. Asiletewe mkandaji wa kumchua au kumnyoosha mgongo. Kutembea, lakini, ni dawa: mwendo mfupi mara kadhaa kwa siku, ukiongezwa polepole kama alivyoelekezwa.

Mfupa hujengwa kwa chakula. Apewe samaki, mayai, kunde na pojo kwa ajili ya protini. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao kwa ajili ya kalsiamu. Vitamini D hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua, na mwanamke anayejistiri na kushinda ndani huweza kupungukiwa hata katika pwani hii yenye jua tele. Aote jua kidogo uani pasipo na macho ya watu, na amwulize daktari kama yafaa apimwe.

Tumbaku ni adui wa mfupa unaounga, iwe ya sigara, ya shisha au ya kutiwa katika tambuu. Mwenye kisukari aidhibiti sukari yake. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuchelewesha kuunga. Zisinunuliwe kabla ya kumwuliza daktari aliyempasua.

Katika swala, wengi huona haya kukalia kiti. Haya hiyo haina mahali. Awezaye kusimama asimame, na aliyekatazwa kuinama aashirie kwa kichwa, ishara ya sijida ikiwa chini kuliko ya rukuu. Kuulazimisha mgongo ulioko matibabuni si uchaji.

Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi umzurupo mgonjwa wa namna hii, usimwambie, "Umepona." Mwulize, "Daktari amekuambia nini, na leo nikufanyie kazi gani?" Kisha uifanye kabla hujaondoka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.