Bao na Kanuni Zake: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuzigeuza?

Mtu akipita katika maduka ya vinyago nchini Kenya, hatakosa kuona ubao mdogo wenye safu mbili za mashimo sita sita, na shimo kubwa katika kila ncha. Aghalabu ubao huo huwa na bawaba katikati ili ukunjwe na kutiwa katika mkoba wa msafiri. Mwuzaji atasema kuwa hilo ni bao, mchezo wa asili wa Mwafrika. Ukweli ni kwamba mchezo unaochezwa kwa ubao wa namna hiyo, na ambao umejaa katika simu za vijana kwa jina la mankala, kwa kawaida ni Kalah, uliobuniwa Marekani na William Julius Champion mnamo mwaka wa 1940. Ukoo wake ni wa michezo ya mashimo ya Afrika na Asia, lakini kanuni ni za Marekani. Na kwa kuwa Wakamba ndio wachongaji wanaotajika zaidi nchini, yamkini mikono iliyouchonga ubao huo ni ya huku kwetu Machakos.

Nimelichagua suala hili kwa sababu zipo sauti miongoni mwetu zinazopendekeza kwamba chama kiandae mashindano ya bao katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, na kwamba mchezo utakaotumiwa uwe huo wa safu mbili, kwa kuwa ni mwepesi na kila mtu anao katika simu yake. Hoja yao ni kuwa bao ni sehemu ya utamaduni simulizi, na kwamba chochote kilicho simulizi hubadilika. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, naiona kuwa na kasoro kubwa.

Tuanze na mchezo wenyewe. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi. Awamu ya kwanza ni ya kunamua, ambapo kete za mkononi huingizwa ubaoni moja baada ya nyingine. Zikiisha, wachezaji huingia katika awamu ya mtaji. Shimo la mwisho la safu ya ndani ni kichwa. Hilo pamoja na jirani yake huitwa kimbi. Asiyeweza kula hutakata. Kete za mchezaji zikitua katika shimo tupu, zimelala. Mwanafunzi wa semantiki atatambua mara moja utajiri uliopo hapa. Neno mtaji, ambalo sokoni ni fedha za kuanzia biashara, ubaoni ni zamu ya kula. Kete nayo imesafiri mbali hata ikaingia katika taarifa za magazeti kuhusu dawa za kulevya, na wanasiasa huambiwa kila siku kuwa wamezicheza kete zao vizuri au vibaya. Je, anayecheza Kalah atajifunza lipi kati ya maneno haya?

Tofauti haiko katika msamiati pekee. Katika Kalah, kete zilizotekwa hutiwa katika ghala na hazirudi tena mchezoni. Katika bao, kete zinazoliwa hupandwa upya upande wa mlaji, na zaweza kuliwa tena na mwenyewe wa awali. Kete zote 64 hubaki ubaoni hadi mwisho.

Wanaotetea mabadiliko hupenda kutoa mifano ya ng'ambo. Basi na tuutazame mmoja. Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo mmoja husimulia, wengine huchukua nafasi za wahusika, na dadu huamua mambo. (Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona humo fanani na hadhira inayoshiriki.) Toleo la nne la mwaka wa 2008 lilizigeuza kanuni mno, na wachezaji wengi wakalikataa. Mwaka uliofuata, kampuni nyingine ilitoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, na wengi wakahamia huko. Wenye mchezo walipotaka kutoa toleo la tano, lililotoka mwaka wa 2014, kwanza waliwapa wachezaji rasimu ya kanuni, kuanzia mwaka wa 2012, waijaribu na kutoa maoni.

Wale waliolikataa toleo la nne waliweza kufanya hivyo kwa sababu vitabu vya toleo la tatu vilikuwa bado rafuni mwao. Bao halina rafu hiyo. Zipo tafiti, ikiwemo ile ya Mholanzi Alexander de Voogt kuhusu mabingwa wa Zanzibar, iliyochapishwa mwaka wa 1995, lakini si vitabu anavyovishika mchezaji wa kawaida. Toleo la zamani la bao limo vichwani mwa wazee wa barazani. Kwa hivyo, toleo jipya likija kwa njia ya simu, halikai kando ya la zamani, hulifuta. Isitoshe, mabadiliko ya kisimulizi hufanyika mbele ya watu. Anayekosea barazani husahihishwa papo hapo na watazamaji, na anayezua jambo jipya hulizua mbele ya wenye uwezo wa kulikataa. Kalah haikupita katika baraza lolote la Waswahili.

Simaanishi kwamba tuchukue kanuni za Zanzibar tuzitangaze kuwa ndizo bao sanifu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua yaliyotokea mwaka wa 1928 huko Mombasa, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na manung'uniko ya wapenzi wa Kimvita yaliyofuata hayajaisha hata leo. Bao nalo lina lahaja zake. Malawi wana bawo yao, Waganda wana omweso wa mashimo 32, na Wajaluo wana ajua ya safu mbili za mashimo manane. Huo wa mashimo sita ndio usio na kwao miongoni mwetu.

Kuhusu ugumu, mafundi wa bao walikwisha kulitafutia dawa. Lipo bao la kujifunza, ambapo kila shimo hutiwa kete mbili, hakuna kunamua wala nyumba, na anayeanza hucheza papo hapo. Ubao ni ule ule, na maneno mengi ni yale yale. Akikomaa, huvuka akaingia katika bao kamili bila kuanza upya.

Wala mchongaji asilaumiwe. Uchongaji wenyewe wa Wamunyu ni zao la mabadiliko, kwani huhusishwa na Mutisya Munge, aliyerudi na ujuzi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Miti ya muhugu ilipoadimika, wachongaji waligeukia mwarobaini na mwembe. Mchongaji huchonga kinachonunuliwa, na ubao wa mashimo 32 humla muda na mti zaidi.

Basi na tuwe wanunuzi. Chama kiagize Wamunyu mbao nne au tano za mashimo 32, kitafute komwe kutoka Pwani badala ya gololi za plastiki, kimwalike mzee mmoja au wawili wanaoujua mchezo, na kanuni watakazozieleza ziandikwe pamoja na jina la mahali walikojifunzia. Wakihitilafiana, ziandikwe zote mbili. Na fundi aelezwe mapema kuwa shimo la nyumba huwa la mraba, si la duara.