Ulinganifu Haukuvunjika, Umejificha

Lipo dai kongwe kwamba Kiswahili kinatosha sokoni, jukwaani na katika ushairi, lakini kikifika kwenye fizikia ya chembe huishiwa na pumzi. Dai hili halina mashiko. Nadharia ya muungano wa kani ya sumakuumeme na kani dhaifu inadhihirisha kwamba kasoro haimo katika lugha, bali katika mazoea ya kutafsiri maneno badala ya dhana.

Kani ya sumakuumeme huzishikilia elektroni katika atomu, na athari zake hufika mbali mno. Kani dhaifu, inayoiwezesha nyutroni kugeuka protoni, haivuki hata sehemu moja ya mia ya upana wa protoni. Kwa mtazamo wa juujuu, kani hizi ni mbingu na ardhi. Hata hivyo, kazi za Sheldon Glashow (1961), Steven Weinberg (1967) na Abdus Salam wa Pakistan (1968) zilionyesha kwamba zina asili moja, na watatu hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Tofauti huletwa na uga wa Higgs, ulioenea kila mahali. Uga huo huzipa bozoni za W na Z tungamo, takribani mara 86 na mara 97 ya tungamo la protoni, ilhali fotoni hubaki bila tungamo. Bozoni nzito haifiki mbali. Ndiyo maana kani yake huonekana dhaifu. W na Z ziligunduliwa katika maabara ya CERN mwaka 1983, na bozoni ya Higgs mwaka 2012.

Istilahi ya Kiingereza ya tukio hili husema kwamba ulinganifu "umevunjika". Mfasiri mwenye haraka hulibeba neno hilo na kulitua katika Kiswahili lilivyo. Hapo ndipo anapopotoka, kwani kilichovunjika hakina tena uzima wake, ilhali ulinganifu huu ungali mzima katika kanuni. Mathalani, chuma kikipashwa moto kupita nyuzijoto 770 za Selisiasi, atomu zake huelekea kila upande kama sumaku ndogo zisizo na kiongozi. Kikipoa, atomu jirani huelekea upande mmoja. Hakuna kanuni iliyouteua upande huo. Pande zote zingali sawa mbele ya kanuni, ila usawa huo hauonekani tena.

Yamkini wapo watakaoshikilia kwamba istilahi sharti ifuate Kiingereza ili wataalamu waelewane. Lakini hata miongoni mwa wataalamu wenyewe, Sidney Coleman aliichagulia mihadhara yake ya mwaka 1973 jina lenye maana ya "ulinganifu wa siri". Kiswahili kina hazina bora zaidi. Kiambishi rejeshi "-ji-" huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Basi "kujificha kwa ulinganifu" hueleza kwa mkupuo mmoja kwamba ulinganifu upo, hauonekani, na haukufichwa na mkono wa nje.

Kwa hiyo, uundaji wa istilahi usiachiwe kamusi pekee. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuketi na mwenzake wa fizikia, aielewe dhana kwanza, kisha aitafutie jina. Istilahi iliyoundwa bila ufahamu humpotosha msomaji kabla hajafika kwenye somo lenyewe.