Mukuba haukuanza na Wazungu

Kila siku tunasikia, hata kwa watu waliosoma, kwamba historia ya mukuba wa Katanga ilianza mwaka 1906, Union Minière ilipoundwa. Wengine wanaongeza: kila kitu kizuri cha mbele ya Wazungu kililetwa na wafanyabiashara wa pwani. Maneno hayo yote mawili tunayakataa.

Tuulize udongo. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, Nenquin alichimba makaburi ya zamani mwaka 1957, Hiernaux mwaka 1958, halafu Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Makaburi ya karne ya 8 mpaka ya 13 yalikuwa na vyungu vizuri, vyuma na mapambo ya mukuba. Katika yale ya nyuma yake kulikuwa misalaba ya mukuba: kwanza mikubwa, halafu midogo midogo ya kipimo karibu kimoja, sawa vile feza. Sasa, Kisale hakuna mawe ya mukuba. Mukuba ulitoka kusini, huku kwetu, ambako wafundi waliyeyusha mawe kwa makaa wakati wa kiangazi. Ilikuwa biashara kamili.

Watatuambia: lakini kauri za makaburini zilitoka bahari ya Hindi! Ni kweli. Hata Kiswahili hiki kilitoka mashariki. Lakini kupokea si kuumbwa. Watu wa bahari ya Baltiki walitoa kaharabu, wakapata sarafu na vyombo vya bronzi vya Waroma. Nani anasema Waroma njo waliwafundisha kuokota kaharabu? Kwetu ni vilevile: kauri zilikuta inchi yenye wafundi na soko.

Na Wazungu je? George Grey alipofika Kansanshi, leo katika Zambia, mwaka 1899, alikuta mashimo ya zamani. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuchimba.

Juu ya nini tunapiga kelele? Juu mtoto anayefundishwa kwamba babu zake hawakujua kitu, ataona ni kawaida kuchimba mawe na kuyauza mabichi, wengine wayeyushe, wengine watajirike. Babu zake walipeleka sokoni mukuba uliokwisha kuyeyushwa!

Walimu wenzetu, tuanze somo Sanga, si mwaka 1906. Tupeleke watoto ku Muze ya Lubumbashi. Na ninyi wazazi, msalaba wa mukuba uliobaki katika jamaa msiuuze kwa bei ya chuma kikuukuu: ule njo kitabu chetu.