Ndigana kali: Hesabu ambayo mfugaji wa Rungwe hawezi kuikwepa

JUNI 2025 Serikali ilizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe wanachanjwa dhidi ya homa ya mapafu kwa bei ya ruzuku ya Sh500, na mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka kwa Sh300. Kuku wanachanjwa bure.

Ni hatua kubwa kwa Taifa. Lakini kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kiwira, Isongole au Masoko, wilayani Rungwe, ugonjwa unaomnyima usingizi haumo katika orodha hiyo. Ugonjwa huo ni ndigana kali, unaoenezwa na kupe. Kwa huo, kila mfugaji bado anajitegemea kwa pampu yake ya mgongoni na chupa ya dawa kutoka duka la pembejeo.

Swali la kiuchumi ni hili: je, kujitegemea huko kunalipa, na kuna njia nafuu zaidi?

Adui mwenyewe

Magonjwa ya kupe yanayowasumbua wafugaji nchini ni manne: ndigana kali, ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo. Linaloua zaidi ng'ombe wa maziwa ni ndigana kali. Husababishwa na kimelea cha damu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio.

Kupe huyo hupitia hatua tatu za maisha, na katika kila hatua hupanda mnyama, hunyonya damu, kisha hudondoka chini. Akinyonya kimelea katika hatua moja, hukiambukiza kwa mnyama mwingine katika hatua inayofuata. Aliyekomaa anaweza kukaa majanini zaidi ya mwaka mmoja akisubiri.

Ng'ombe aliyeambukizwa huanza kuonyesha dalili baada ya wiki moja hadi tatu. Mitoki ya chini ya masikio huvimba, homa hupanda kupita nyuzi 40, maziwa hukatika, kisha mnyama hukohoa na kutoa povu puani. Asipotibiwa mapema, wengi hufa katika wiki chache. Dawa ya kutibu, buparvakwoni, ipo na ni nzuri, lakini ni ghali na hufanya kazi vizuri pale tu inapowahi.

Banda si ngome

Wafugaji wengi wa Tukuyu hufugia bandani kwa sababu ardhi ni finyu na imejaa migomba na chai. Wengi huamini kwamba ng'ombe asiyetoka nje hawezi kupata kupe. Imani hiyo imewaponza wengi.

Majani ya kulisha hukatwa kando ya barabara, mtoni na kwenye mipaka ya mashamba, mahali ambapo ng'ombe wa asili hupita. Kupe huja bandani ndani ya mzigo wa majani. Matete na majani ya Gwatemala yaliyopandwa shambani kwa mfugaji mwenyewe, mahali ambapo ng'ombe hawachungwi, yana hatari ndogo zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji hulisahau. Ndama wa asili anayeumwa na kupe akiwa mdogo, akinusurika, hupata kinga. Mtamba wa kisasa aliyeogeshwa tangu azaliwe hana kinga yoyote. Maisha yake yote yanategemea dawa. Siku dawa ikikosekana, au ikiwa bandia, au ikichanganywa na maji kupita kiasi, mnyama huyo yuko uchi.

Wanaonunua mitamba Rungwe na kuipeleka Kyela au kwingineko wajue hivyo. Mnyama aliyenenepa na kung'aa huenda ndiye dhaifu kuliko wote anapofika kwenye kupe wengi.

Hesabu ya lita

Tuchukue mfano. Mfugaji ana ng'ombe mmoja anayeuza lita nane kwa siku, na lita moja ni Sh1,000. Kwa siku 270 za kukamua atapata Sh2,160,000. Tuseme kumwogesha mara moja kwa wiki kunagharimu Sh1,500. Kwa mwaka mzima ni Sh78,000, yaani maziwa ya siku zisizofika kumi.

Ng'ombe huyo akifa mwezi wa pili baada ya kuzaa, mfugaji amepoteza zaidi ya Sh1,600,000 za maziwa, thamani ya mnyama mwenyewe, na pengine ndama. Kama alimpata kwa mpango wa kopa mtamba, lipa mtamba, bado anadaiwa. Kila mfugaji anaweza kuweka bei za kijijini kwake katika hesabu hii, jibu halitabadilika sana.

Kwa hiyo kuogesha kunalipa. Udhaifu wake ni kwamba gharama hiyo haina mwisho, na kupe huizoea dawa inayotumika vibaya. Kupunguza kipimo ili chupa ifike mbali ndiko kunakomfundisha kupe kuishi nayo.

Chanjo ipo, tatizo ni idadi

Chanjo ya ndigana kali si jambo jipya. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Mnyama huchomwa vimelea hai na wakati huohuo hupewa antibaiotiki ya kudumu muda mrefu, ili augue kidogo na kupata kinga. Sindano hiyo moja huweza kumkinga maisha yake yote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imewaokoa ndama wengi wa wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa nchi.

Kwa nini imefaa zaidi kule? Chanjo hii huhifadhiwa katika kimiminika cha naitrojeni, na mrija mmoja ukifunguliwa hutoa dozi 40 hivi ambazo lazima ziishe siku hiyohiyo. Mwenye ng'ombe 200 anaumaliza mrija asubuhi moja. Mwenye ng'ombe wawili pale Kyimo hawezi.

Chanjo pia ina mpaka wake. Nyati hubeba kimelea hiki bila kuugua, na aina za kimelea zinazotoka kwao huweza kuipenya kinga. Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa huu kwa ng'ombe katika miaka ya 1950, lakini hadi leo hulazimika kuwatenga ng'ombe na nyati. Kwa ng'ombe wa bandani Rungwe, asiyekutana na nyati, hofu hiyo ni ndogo.

Kinachohitajika ni kukusanya idadi. Vyama vya wafugaji na vituo vya kukusanyia maziwa tayari vina majina ya wanachama na vinakatana nao hesabu za maziwa. Chama kinaweza kuandikisha ndama 40 wa vijiji jirani, kikapanga siku moja na ofisa mifugo, na kukata gharama kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Mitungi ya naitrojeni nayo si kitu kigeni: ndiyo inayotumika kuhifadhi mbegu za uhimilishaji. Hata dozi ingefika Sh25,000, kwa mfano wetu ni maziwa ya siku zisizozidi nne.

Aliyechanja asitupe pampu. Ndigana baridi na mkojo mwekundu havizuiwi na chanjo hii. Ila anaweza, kwa ushauri wa mtaalamu, kupunguza idadi ya siku za kuogesha.

Wakati chanjo inasubiriwa, mfugaji akague masikio ya ng'ombe kila anapokamua. Kupe akishang'ata huchukua siku tatu hivi kabla ya kuanza kuambukiza. Anayetolewa siku ya kwanza hajaleta hasara.